Barua kwa Tatu, kuhusu bibi aliyeitwa mwanariadha

Ujiji, Kigoma
Jumapili, baada ya magharibi

Tatu mwenzangu,

Mwangaluka! Habari za Tabora, habari za watoto, habari za Baba Zawadi na mguu wake? Sisi huku wazima, ila joto, ila umeme, ila mambo ni yale yale. Mama anakusalimu. Amesema nikuandikie kabisa marahaba yake, maana akisubiri umpigie umwamkie ataota mvi nyingine.

Najua nimekaa kimya mno na una haki ya kununa, lakini nunia mbele ya safari, kwanza nisaidie. Barua hii atakuletea yule kijana wa Bi Mwajuma, anapanda treni kesho, pamoja na dagaa kidogo na dumu la mawese. Ningekupigia simu, ila jambo lenyewe lina mikunjo mingi, salio lingeisha bado niko kwenye utangulizi. Na nikikutumia sauti kwenye wasapu najua husikilizi, unajibu tu "sawa dada".

Jambo ni neno moja la Kiingereza. Run. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Kidato cha tatu tuliwapa insha, "A Person I Admire". Mimi nikasahihisha mkondo A, na mkondo B akachukua mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja, kwa sababu unamfahamu na ulimi wako naujua. Ijumaa tumekaa ofisini, kila mtu na chai yake, mwenzangu akaanza kusoma kwa sauti: "My grandmother is a runner since 1972. She runned from Burundi with my uncle in her back." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu wa michezo akauliza huyo bibi anakimbia mbio fupi au ndefu, maana timu ya mkoa ina nafasi. Mwingine akasema na huyo mjomba mgongoni atakuwa kocha.

Nikaomba daftari nilione mwenyewe. Tatu, ungeliona. Runner imezungushiwa duara jekundu na pembeni kuna Athlete? yenye alama ya kuuliza kubwa kama ndoana. Aya nzima ya pili, ile ya kuvuka usiku na kujificha kwenye mafunjo na kufika kwa watu wasiowajua wakapewa muhogo, imekatwa mstari wa mshazari toka kona hadi kona, chini yake Irrelevant. Maudhui: alama mbili kati ya kumi. Halafu nikaitazama ile runned. Binti aliandika kwanza kwa n moja, kisha akarudi, akaweka kile kialama cha kuchomeka neno, akaongeza n ya pili juu ya mstari. Ile kanuni tunayowakaririsha ya kurudia konsonanti ya mwisho, stop stopped, plan planned, aliikumbuka na akaitumia sawasawa. Tatizo ni kwamba run haitaki kanuni ya mtu, uliopita wake ni ran.

Na runner nayo kaifuata njia tuliyomwonyesha sisi wenyewe. Teach, teacher. Write, writer. Kimbia, mkimbizi. Run, runner. Mwenzangu alivyoamini bibi ni mwanariadha, ndipo akaona habari za Burundi zimeingiliaje kwenye insha ya mwanamichezo. Angesoma mstari mmoja mbele angeelewa. Au alielewa, akapenda kicheko zaidi, hapo sijui, na sitaki kumsingizia mtu.

Tangu hapo nimekuwa nalo hilo neno kichwani kama wimbo wa harusi ya jirani. Jana nikachukua simu ya Hawa nikaanza kuchimba, mpaka chai yangu ikaota ngozi. Wale wa kamusi kubwa ya Oxford wanasema kitenzi run peke yake kina maana 645. Mia sita arobaini na tano, Tatu! Mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi tisa, mimba nzima hiyo, mpaka likatoka mwaka 2011. Zamani bingwa alikuwa set. Katika toleo la pili la mwaka 1989, set alikuwa na maana kama 430 na maelezo ya maneno yapata 60,000. Walipoanza kuipitia kamusi upya, make akampita, akaja put, mwisho run akawaacha wote kwenye vumbi. Na kamusi yenyewe hawakuitoa kwa siku moja. Ilianza kuchapwa kwa vipande mwaka 1884, ikakamilika 1928. Mhariri wake mkuu, James Murray, alifariki 1915 bado yuko kwenye herufi T. Yaani reli yetu inaingia Kigoma mwaka 1914, mzee wa watu anahangaika na T. Basi mkuu wa shule akituuliza kwa nini silabasi haijaisha, jibu tunalo.

Mbona run ikazaa kiasi hicho? Sababu moja inayotajwa ni mashine. Kabla ya injini, waliokuwa wakikimbia ni watu, wanyama na maji. Ikaja saa, ikaja treni, vikaja viwanda, sasa kompyuta, na kila kilichowashwa kikawa kina-run. Wakafika mahali hata kisichosogea nacho kina-run: wanasema reli runs from Dar es Salaam to Kigoma. Reli imelala pale pale ilipolazwa na Wajerumani. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili nilimpa "The train runs on Tuesdays", akaniandikia "Treni hukimbia Jumanne". Nikamuuliza, na siku nyingine? Akanijibu kwa adabu zake zote: "Siku nyingine inatembea, mwalimu." Ukikumbuka safari zetu za chuo mimi na wewe, ningembishia na nini?

Lakini kilichonikamata hasa ni asili yake. Kumbe hii run tunayoiona moja walikuwa wawili. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na rinnan, ya mwenye kwenda mbio mwenyewe, na ya maji yanayotiririka vilevile. Pembeni yake kulikuwa na ærnan, ya kumfanya mwingine aende mbio, farasi kwa mfano. Kimbia na kimbiza, Tatu! Sisi tunayo ile z yetu, inatutenganishia kazi mpaka leo. Wao miisho ya vitenzi ikapukutika, wale wawili wakazidi kufanana. Halafu wakaja Waskandinavia na majahazi yao, nao na jozi yao, rinna na renna, wakakoroga chungu hichohicho. Mwisho likabaki neno moja linalobeba mizigo ya wawili. Ndiyo maana I run ni nakimbia mimi, na I run a shop ni naliendesha duka, nalikimbiza hasa. Wanafunzi wetu kila mwaka wanaandika "nakimbia duka" na sisi tunawachapa duara. Hakuna aliyewaambia kwamba hapo wamekutana na yule mwingine aliyevaa nguo za nduguye.

Na yule set, bingwa wa zamani, ni hadithi hiyohiyo. Sit ni keti, set ni ketisha. Lie ni lala, lay ni laza, ile ambayo hata Waingereza wenyewe inawatoa jasho. Miaka yote hii tunafundisha hivi vitenzi kama vituko visivyo na kichwa wala miguu, na kumbe mtoto wa Kiswahili anavijua tangu anajifunza kusema. Ningefundishwa hivyo mimi chuoni, na yule mhadhiri wetu wa fonetiki na kofia yake... haya, tumwache marehemu apumzike.

Kuna na la maji. Ile "pua yangu inakimbia" tuliyokuwa tunacheka, my nose is running, tulidhani wazungu wamepewa pua zenye miguu. Kumbe kutiririka ni maana ya siku ya kwanza. Wajerumani mpaka leo wana rinnen yao ya kuchuruzika, mbali na rennen ya kwenda mbio. Makamasi hayakuazima chochote kwa mwanariadha, yana haki yao kwenye neno toka zamani.

Na ile u ya run. Chaucer, mshairi wao wa kale aliyefariki mwaka 1400, yeye aliandika renne. Hiyo u ilikuwa kwenye maumbo ya wakati uliopita, ikahama taratibu ikaingia kwenye wakati uliopo, karne ya 16 ikawa imeshazoeleka. Maana yake taifa zima lilichanganya uliopita na uliopo, na hakuna aliyewapa mbili kati ya kumi. Akija binti wa huku akaandika runned, basi ofisi nzima...

Naona nimeanza kupandisha sauti hata kwenye karatasi. Nikueleze niko wapi, usije ukadhani nimelegea. Sisemi runner ni sahihi. Si sahihi. Msomaji wa Kiingereza akiiona atamfikiria mtu wa raba na jasho, na mtoto lazima aambiwe hivyo. Is a runner since 1972 nayo ina kosa la wakati, na in her back ina kosa la kihusishi. Akatwe huko, kwenye sarufi na msamiati. Ninachokataa ni kukatwa kwenye maudhui, kwamba bibi aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni hahusiani na mtu ninayemheshimu. Hapo ndipo koo linaponikauka.

Halafu angalia Waingereza wenyewe walivyofanya. Wana run, wana flee, wangeweza kujitengenezea mkimbizi wao nyumbani. Hawakujitengenezea. Refugee waliichukua kwa Wafaransa, pamoja na wakimbizi wenyewe, wale Waprotestanti waliomiminika Uingereza miaka ya 1680, mfalme wao alipoifuta mwaka 1685 ile amri iliyokuwa inawaruhusu kusali wanavyotaka. Kwa hiyo neno hilo lina maana ya mtu aliyepata mahali pa kujihifadhi. Letu linatazama miguu yake, la kwao linatazama alipofikia. Binti yule, kwa kutokujua, aliwaundia neno ambalo wao hawakulitia hapo. Runaway wanalo, lakini lina harufu ya mtumwa aliyetoroka na mtoto mtukutu. Ningemwandikia refugee juu ya ile duara, kwa herufi ndogo, nikaendelea kusoma.

Mwenzangu alinijibu: "Zuhura, Kiingereza ni lugha ya watu, haina huruma." Nikamwambia huruma sijaomba, nimeomba usome aya ya pili. Akaniambia neno moja haliwezi kuwa na maana mia sita, hizo ni porojo za simu. Nikamuuliza: na piga? Akanyamaza kidogo. Nikampigia hesabu palepale: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga kambi, tunapiga mnada, tunapiga marufuku. Wavuvi wa hapa chini wanapiga makasia. Kuna mahali hata pamoja kwenye hayo ambapo mtu anaumia? Na wale wanaokula fedha za miradi siku hizi mtaani wanaitwa wapigaji, tena bila kutaja wamepiga nini, na kila mtu anaelewa. Sasa chukua Mwingereza anayejifunza Kiswahili, aandike kwamba mama yake amepiga nguo kwa sababu amesahau pasi. Tutamkatia maudhui? Tutamkumbatia, tutampa na soda. Ofisi ilicheka tena, safari hii upande wangu, lakini alama hazikubadilika.

Kitu kingine nikuchekeshe, kabla sijarudi. Marekani mwanasiasa anayetaka kiti runs for office, anakimbia. Uingereza stands for Parliament, anasimama. Na sisi anagombea, yaani anagombana na wenzake mchana kweupe. Nani mkweli hapo, niambie wewe. Hao wote wanatafuta kiti kimoja, cha kukaa.

Basi nirudi kwa bibi. Unajua huku kwetu neno mkimbizi lina miiba. Watoto wanatupiana uwanjani kama tusi, mtu akikosea penalti tu, "toka hapa mkimbizi wewe". Na mwalimu akisikia hupita kama hakusikia. Binti mwenye bibi kama huyo kwa kawaida hujificha, husema wao ni Waha wa Kasulu, basi, na kwa lugha hakuna atakayewabaini. Huyu amekaa akaandika kwenye daftari litakaloshikwa na watu, na kichwa cha habari ni mtu ninayemheshimu. Halafu akasomewa ofisini na mlango uko wazi. Mwanafunzi aliyeleta madaftari ya jiografia alikuwa amesimama pale mlangoni. Mpaka mapumziko mkondo B wote walikuwa wanajua. Sasa wanamwita Filbert, kwa Filbert Bayi. Angalau wamemchagulia mtu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500, pale Christchurch mwaka 1974, lakini mtoto mwenyewe hacheki. Jana hakuja kwenye masomo ya ziada.

Ile is yake nayo inanisumbua. Is a runner since 1972. Mwenzangu amekata, na kisarufi kakata sawa, has been ndiyo inayotakiwa. Lakini hata has been ina swali lake. Wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wengi walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, huko kwenu Ulyankulu, na Katumba na Mishamo, wengine wakabaki vijijini huku. Mwaka 2014 serikali ikawapa uraia zaidi ya 160,000 wa yale makazi matatu. Waliojipachika vijijini kama huyu bibi, wengine wamepata karatasi baadaye, wengine bado wanazungushwa. Sijui yeye yuko kundi gani. Sasa je, ni was au ni is? Mwalimu wa Kiingereza aliyemo ndani yangu ananitaka nichague, na mimi siwezi kuchagua bila kumuuliza mwenye maisha yake. Nilitaka niende kwao nimsalimie, nikajizuia. Mwalimu akipiga hodi nyumbani kwa mwanafunzi siku mbili baada ya kicheko, wazazi watafikiri nini?

Ndiyo nakuja kwako. Wewe umesahihisha mitihani ya taifa, mimi sijawahi, na huyo mwenzangu kila nikifungua mdomo ananirushia hilo. Isitoshe wewe ni mkali. Ukinikatalia nitajua nimekataliwa na mtu asiyependelea. Kikao cha idara ni Alhamisi na nimeomba jambo hili liwe kwenye ajenda. Mkuu wa idara kakubali kwa shingo upande, kasema dakika kumi, zisizidi, kwa sababu kuna suala la chaki.

Niandalie majibu, moja moja, usiniruke. Mwanafunzi akikosea neno moja la msingi na aya nzima ikasimama juu ya hilo neno, kule mnafanyaje, mnasoma alichokusudia au mnasoma kilichoandikwa? Kuna kanuni ya kutokumkata mtu mara mbili kwa kosa moja, au niliiota? Ungekuwa wewe, maudhui ungempa ngapi? Hiyo kimbia na kimbiza, nikiiingiza kwenye somo la phrasal verbs badala ya ile orodha ya kukariri, itawasaidia au nitawachanganya zaidi kabla ya mtihani? Mama mkwe wako bado yuko Ulyankulu? Muulize, taratibu, wazee wa kule wakijitaja kwa vijana wao siku hizi wanajiita nani. Na kwa huyu binti nianze vipi: nimwite peke yake, au niongee na mkondo mzima bila kumtaja? Wewe Zawadi alipochekwa kwa ile lafudhi yake mwaka ule ulifanyaje hata akarudi darasani? Na mguu wa Baba Zawadi, mbona hunijibu, wamemfungua hogo au bado?

Jibu upesi. Jumatano ikifika sijapata barua nitakupigia, na safari hii usinijibu sawa.

Wako,
Zuhura